Ninunue programu gani ili takwimu zangu zieleweke?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi maktaba. Nina rekodi za uazimaji wa vitabu za miaka mitatu: makundi tisa ya vitabu, na kila kundi lina idadi yake kwa kila mwezi. Nilitengeneza chati ya duara ya vipande tisa, ile inayoonekana kama imeinuka kutoka kwenye karatasi, nikaiweka kwenye ripoti ya kamati inayogawa fedha za kununulia vitabu. Wakasema imependeza, wakahamia ajenda inayofuata. Hakuna aliyeuliza chochote. Nadhani tatizo ni kwamba ninatumia programu ya kawaida ya lahajedwali. Kuna kifungu kidogo cha fedha tumetengewa. Ninunue programu gani ya kisasa ili data zangu zionyeshwe kwa ubunifu? – Mkutubi

Jibu: Marahaba, Mkutubi. Kabla ya habari ya programu, tufanye hesabu moja. Miaka mitatu ni miezi 36. Makundi tisa mara miezi 36 ni namba 324. Chati yako ya duara ina vipande tisa, yaani namba tisa tu. Zile 315 zilikwenda wapi? Ulizijumlisha, zikayeyuka, na humo ndimo ilimokuwa habari yenyewe: kundi gani linapanda, lipi linashuka, mwezi gani rafu hubaki tupu. Kamati ilikaa kimya kwa sababu haikupewa cha kuulizia. Programu yoyote, ya bure au ya mamilioni, isingekuokoa hapo, maana kosa lilikwisha kutendeka kabla hujabonyeza kitufe.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba usinunue kitu kwa sasa. Jibu refu linaanza na karatasi na penseli.

Andika juu ya karatasi sentensi moja ambayo unataka mjumbe wa kamati aondoke nayo. Iwe na kitenzi cha mabadiliko au cha ulinganisho, na iwe ni jambo ambalo mtu anaweza kulipinga. "Hali ya uazimaji katika maktaba yetu" ni kichwa cha faili tu, hakuna atakayebishana nacho. "Vitabu vya watoto vimeongezeka kila mwaka huku riwaya zikipungua, lakini mgao wa fedha haujabadilika" hiyo ni sentensi. (Nimeitunga tu, data zako ndizo zitakazokwambia kama ni kweli.) Ukishaiandika, utaona yenyewe inakuchagulia mchoro. Ina neno "kila mwaka", basi lazima muda uonekane. Inataja makundi mawili yanayokwenda njia tofauti, basi yawekwe mahali jicho linaweza kuyalinganisha bila kugeuza ukurasa. Duara halina mahali pa kuweka muda. Limeshindwa mtihani hapohapo.

Mimi si adui wa chati ya duara. Ina umri wa kuheshimiwa: Mskoti William Playfair aliichapisha mwaka 1801, na kwa vipande viwili au vitatu inafanya kazi yake vizuri. Huyohuyo Playfair ndiye aliyetangulia kuchapisha grafu za mstari na za nguzo za takwimu za uchumi, mwaka 1786, na kisa cha ile ya nguzo hunifurahisha kila nikikikumbuka. Nchi nyingine alikuwa na takwimu zao za biashara za miaka mingi, akazichorea mistari. Za Scotland alipata za mwaka mmoja tu. Mstari wa mwaka mmoja haupo, basi akachora nguzo, jozi moja kwa kila nchi iliyofanya biashara na Scotland, na akaitolea udhuru kwamba haina manufaa kama zile zinazoonyesha muda. Grafu ambayo leo imejaa kila ripoti ilizaliwa kwa sababu ya upungufu wa data! Wewe unao muda, tena wa miezi 36, halafu ukautupa kwa hiari yako.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa vipande tisa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, waliwapima watu wanavyokadiria kiasi kwa kutazama michoro. Jicho linafanya vizuri zaidi likilinganisha nafasi za vitu kwenye mhimili mmoja. Urefu na pembe vinafuata, kisha eneo, na mkiani kabisa kuna ujazo na ukolezo wa rangi. Chukua vipande viwili vya duara, kimoja asilimia 14 na kingine asilimia 16. Pembe zao ni nyuzi 50 na nyuzi 58 hivi. Zigeuze kidogo, zitenganishe na vipande vingine katikati, na hakuna atakayekwambia kwa hakika ipi kubwa. Sasa chora nguzo mbili zilizosimama msingi mmoja, kila asilimia iwe sentimita moja: moja ina sentimita 14, nyingine 16. Tofauti inaonekana hata ukiwa mlangoni. Lile umbo la kuinuka ndilo linaloharibu zaidi, kwa sababu kipande kilichokaa upande wa mbele huonyesha na ukingo wake, na jicho huuhesabu ukingo kama sehemu ya kipande. Kundi lililobahatika kukaa mbele limeongezewa asilimia za bure.

Sasa tuchore. Gawanya karatasi yako iwe viboksi tisa, vitatu kwa vitatu, na katika kila kiboksi chora kigrafu kidogo cha mstari wa kundi moja, miezi 36 kutoka kushoto kwenda kulia. Vyote viwe na ukubwa mmoja na mihimili ileile. Njia hii ya vigrafu vidogo vilivyopangwa pamoja ndiyo ningeichagua kwanza kwa kazi yako, kuliko kurundika mistari tisa kwenye grafu moja ikafanana na nyuzi zilizochezewa na paka. Kuna ufundi mmoja unaoipandisha hadhi: katika kila kiboksi chora mistari yote tisa kwa kijivu hafifu, kisha mstari wa kundi husika ukoleze rangi. Msomaji anaona kundi hilo na wakati huohuo anaona limesimama wapi miongoni mwa wenzake. Na usipange viboksi kwa alfabeti. Lililopanda zaidi likae juu kushoto, lililoshuka zaidi chini kulia. Mpangilio peke yake umeshasema nusu ya sentensi yako.

Hapa utakutana na tatizo ambalo kila mtu hukutana nalo. Tuseme vitabu vya kiada vinaazimwa mara 900 kwa mwezi na vya ushairi mara 30. Ukitumia mhimili mmoja, mstari wa ushairi utalala chini kama umekufa, hata kama umeongezeka maradufu. Ukimpa kila mmoja mhimili wake, ushairi utaonekana unalingana na kiada, na huo nao ni uongo. Tiba yake ni kuchukua wastani wa mwaka wa kwanza wa kila kundi, kuuita 100, kisha kueleza miezi yote kwa kulinganisha na huo. Ushairi ukifika 60 kwa mwezi, mstari wake unafika 200. Lakini andika wazi juu ya mchoro kwamba unaonyesha mabadiliko, si idadi, na pembeni ya jina la kila kundi weka idadi halisi kwa maandishi madogo. Mjumbe anayejua hesabu atakuuliza hilo la kwanza.

Karatasi ya pili. Chora jedwali lenye mistari tisa kwenda chini, moja kwa kila kundi, na seli 36 kwenda kulia, moja kwa kila mwezi. Badala ya kuandika namba, paka rangi: namba ndogo rangi hafifu, namba kubwa rangi nzito. Hesabu seli. Ni 324. Zote zimerudi, ukurasa mmoja, na bado panabaki nafasi ya kichwa cha habari. Kama kuna msimu, wa mitihani au wa likizo, utauona umesimama wima kama milia, ukijirudia kila baada ya seli 12. Hivi ndivyo alivyofanya Ed Hawkins, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Reading, mwaka 2018: mlia mmoja kwa kila mwaka, bluu kwa miaka ya baridi, nyekundu kwa miaka ya joto, bila mhimili na bila namba hata moja. Watu wakaufuma kwenye skafu. Rangi haikupi kipimo kamili (kumbuka ilikuwa mkiani kwa Cleveland na McGill) ila inakupa mpangilio kwa haraka, na kwenye seli 324 mpangilio ndio unaoutafuta. Paka kila mstari kwa kiwango chake wenyewe, la sivyo kiada kitameza rangi zote nzito na mengine yote yatabaki meupe.

Na jedwali hili halihitaji kununua chochote. Lahajedwali unayoilaumu ina sehemu ya kupaka seli rangi kulingana na namba iliyomo. Ni kazi ya dakika tano.

Ukitaka mchoro wa haraka zaidi, chora mistari miwili wima, kushoto mwaka wa kwanza, kulia mwaka wa tatu, uunganishe kila kundi kwa mstari wa mteremko. Unafaa kwa slaidi moja, lakini unaficha yaliyotokea katikati.

Nije kwenye picha, maana najua ukisema "ubunifu" unafikiria vijitabu vidogo vilivyochorwa. Vinafaa, kwa sharti moja lililowekwa na mwanafalsafa Otto Neurath na wenzake kule Vienna miaka ya 1920: kiasi kikiongezeka, ongeza idadi ya picha, usiikuze picha. Sababu ni ya kihesabu. Ukitaka kuonyesha uazimaji umeongezeka mara mbili, ukakikuza kitabu kikawa na urefu mara mbili, upana nao umeongezeka mara mbili, na eneo limekuwa mara nne. Jicho linasoma nne. Basi kitabu kimoja kiwe uazimaji 100, panga vitabu kwa mstari kama vilivyo kwenye rafu, na mtu ahesabu mwenyewe. Kwa maktaba, hiyo rafu yenyewe ni grafu ya nguzo iliyolala, na wageni wako wataielewa bila mafunzo.

Mkono nao usiudharau. Mwaka 1900, kwa ajili ya maonyesho ya Paris, mwanasosholojia W. E. B. Du Bois na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono, kwa wino na rangi za maji, michoro takriban 60 kuhusu maisha ya Wamarekani Weusi. Nguzo moja ilipokuwa ndefu kupita karatasi, waliizungusha ikawa kama konokono. Ukiitazama leo unaona ni ya kisasa kuliko violezo vingi tunavyouziwa. Karibu na wakati wetu, wabunifu wawili wa michoro ya data, Giorgia Lupi akiwa New York na Stefanie Posavec akiwa London waliandikiana kadiposti kwa wiki 52, kila wiki wakichora kwa mkono data za maisha yao wenyewe: mara ngapi wamelalamika, mara ngapi wametazama saa. Nyuma ya kila kadi kuna ufunguo wa kuisomea. Jaribu kwa wiki moja uone. Ukilazimika kuchora kila alama kwa mkono, huchori alama isiyo na kazi.

Na mbona usiwashirikishe wasomaji wako? Panga mitungi tisa ya kioo kwenye kaunta, kila anayeazima adondoshe shanga moja kwenye mtungi wa kundi lake. Mwisho wa mwezi una grafu ya nguzo inayoshikika, na hakuna mjumbe wa kamati atakayepita mlangoni bila kuitazama. Angalia tu mitungi na shanga viwe vya ukubwa mmoja.

Rangi nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kusimama mbele ya bodi ya taasisi moja na ramani niliyoikesha: kijani palipo pazuri, nyekundu palipo pabaya. Nikaeleza robo saa. Mwenyekiti akaninong'oneza baadaye kwamba kwake ramani nzima ilikuwa rangi moja ya udongo. Upofu wa rangi nyekundu na kijani ni wa kurithi, huwapata zaidi wanaume, na wengi hawausemi. Tangu siku hiyo sitenganishi jambo muhimu kwa nyekundu na kijani peke yake. Njia rahisi ya kupima ni kuchapisha mchoro kwa rangi nyeusi na nyeupe: usiposomeka, badilisha. Kuna mfululizo wa rangi unaoitwa viridis, kutoka zambarau kupita bluu na kijani hadi njano, uliotengenezwa mwaka 2015 kwa ajili ya haya haya, na unapatikana kwenye programu nyingi za michoro. Kwa vigrafu vyako tisa, hata hivyo, rangi moja na kijivu zinatosha.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: nguzo lazima zianzie sifuri. Ukianzisha mhimili kwenye 900, mwezi wa uazimaji 950 na mwezi wa 1,000 vitaonekana kama kimoja ni mara mbili ya kingine, wakati tofauti haifiki hata asilimia sita. Grafu ya mstari ina uhuru zaidi, maana pale tunasoma mwinuko, hatusomi urefu.

Sasa programu, ulizoniuliza. Lahajedwali uliyonayo itakufikisha mbali. Ukihitaji grafu safi za kuweka kwenye tovuti, Datawrapper inatumika na vyumba vingi vya habari, inafunguka ndani ya kivinjari, na toleo lake la bure linatosha kwa kazi kama yako. Ukitaka maumbo yasiyo ya kawaida, fungua RAWGraphs, iliyoanzia chuo kikuu cha Politecnico di Milano; ni ya bure na huria, data zinachakatwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na mchoro unaopata unaweza kuufungua kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuhariri michoro, ukarekebisha maandishi na rangi utakavyo. Ramani nenda QGIS. Ukiwa na kijana pale kazini anayependa kuandika msimbo, mpeleke kwenye lugha ya R na kifurushi cha ggplot2: kile kijivu cha nyuma nilichokieleza kinaandikwa kwa mistari michache, na mwaka ujao mnabadilisha faili ya data tu, grafu zote zinajichora upya. D3, zana ya kuchora grafu za tovuti kwa kuandika msimbo, ina uwezo mkubwa kuliko zote hizi na inakula usiku wa mtu kuliko zote, iacheni kwanza. Akili unde nayo inaweza kukuchorea ukiipa jedwali, lakini chagua namba tano au sita uzihakiki kwenye grafu kwa jicho lako kabla hujaipeleka popote.

Angalizo: kabla ya kupakia faili kwenye huduma yoyote ya mtandaoni, ondoa majina ya walioazima. Baadhi ya huduma za bure huacha data zako wazi kwa umma, na mtu anachosoma ni siri yake.

Kitakachokusumbua kuliko kuchagua programu ni jedwali lenyewe. RAWGraphs na ggplot2 zinapenda jedwali refu: safu wima tatu tu, mwezi, kundi na idadi, na mistari 324 kwenda chini. Jedwali la makundi yaliyotandazwa juu na miezi pembeni linasomeka kwa binadamu, ila programu hizo mbili hulalamika. Hakiki majina pia. "Vitabu vya watoto" na "Vitabu vya Watoto" kwa kompyuta ni makundi mawili, na ukiacha nafasi tupu mwishoni mwa neno ni la tatu. Ukiona grafu ina makundi kumi na moja badala ya tisa, anzia hapo.

Kisha tafuta seli za ajabu. Mwaka 1854 daktari John Snow alipoweka kwenye ramani vifo vya kipindupindu kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street, London, hakuridhika na vijistari vilivyorundikana karibu na pampu. Alifuatilia vilivyokosekana: kiwanda cha bia kilikuwa jirani kabisa na wafanyakazi wake hawakufa. Kumbe walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake chenyewe. Vilivyokosekana vikaimarisha hoja kuliko vilivyokuwepo. Basi na wewe, ukiona kwenye jedwali la rangi seli moja nyeupe katikati ya nzito, usiipake wala kuikwepa. Muulize mwenzako wa zamu ya mwezi ule. Huenda mlifunga kwa ukarabati, huenda daftari lilipotea, huenda kundi zima la vitabu lilikuwa kwa fundi wa kujalidi. Ukipata sababu, iandike kwa maneno machache pembeni ya seli hiyohiyo, si mwisho wa ripoti ambako hakuna anayefika.

Chapisha jedwali la rangi kwenye karatasi kubwa ya A3, vigrafu tisa nyuma yake, na sentensi yako juu kama kichwa cha habari. Siku ya kikao iweke mezani, halafu nyamaza kidogo. Mmoja wao ataweka kidole juu ya seli na kuuliza hapa palitokea nini.